Jini Lililovaa Yeboyebo

Jina la filamu nimelisahau, na waigizaji wake siwakumbuki hata sura. Ninachokumbuka ni miguu. Jini lilitoka nyuma ya migomba, limepakwa unga usoni na kujifunga shuka jeupe kuanzia kwapani, macho limeyatumbua, linamfuata taratibu msichana aliyekwenda kisimani usiku peke yake, tabia ambayo wasichana wa kwenye filamu hawajaiacha mpaka leo. Kamera ikateremka. Chini kabisa ya lile shuka la kuzimu tukaona yeboyebo za bluu.

Kibanda kizima kikaangua kicheko. "Kumbe kuzimu nako kuna machinga!" mmoja akapaza sauti kutoka benchi la nyuma. Mwingine akataka kujua ni namba ngapi, maana za kwake zimekatika. Mwenye kibanda, mzee asiyejua mzaha linapokuja suala la kiingilio, alicheka mpaka akasahau kumtoa mtoto aliyekuwa amepenya chini ya bati bila kulipa.

Baada ya dakika kumi hivi hakuna aliyekuwa anacheka. Jini lilikuwa limeshaingia ndani ya nyumba na taa zimezimika. Nadhani aliyerekodi hakuwa na taa za kutosha, akaona heri azime zote. Kwenye runinga hapakuwa na kitu ila weusi na sauti ya mtu anayetembea. Na sauti yenyewe ilikuwa ya zile zile yeboyebo: chwaa, chwaa, chwaa, sakafuni. Kiatu tulichokicheka sasa kilikuwa kinatufuata. Nilikuwa na miaka 12. Nilitoka pale Tandika mbio hadi nyumbani, na kwa wiki nzima kila jirani yetu alipoamka usiku kwenda chooni uani, mimi nilikuwa macho, shuka mdomoni, nahesabu hatua.

Nilipomsimulia mpwa wangu kisa hiki, yeye ana miaka 14 na huja kwangu likizo, alicheka kwa adabu kisha akauliza: "Sasa Anko, mlikuwa mnalipa hela kuangalia kitu kibovu hivyo?"

Shilingi 50, nikamjibu, na ukichelewa unakaa chini. Akanitazama kama anayemtazama mtu aliyekulia wakati wa njaa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikibishana naye juu ya hilo neno "kibovu", mara nyingine hata akiwa amesharudi kwao.

Wamarekani wana jina lao la filamu zinazodharauliwa na wengi huku wachache wakizipenda kupita kiasi. Wamelikopa kutoka kwenye madhehebu madogo, yale ambayo waumini wake wanajuana kwa macho. Mfano wao mkubwa ni The Rocky Horror Picture Show. Ilitoka mwaka 1975 ikashindwa kabisa kuuza. Mwaka uliofuata ukumbi wa Waverly mjini New York ukaanza kuionyesha saa sita za usiku, na watu wakarudi, wakarudi tena. Wakaanza kuwajibu waigizaji kwa sauti, kuvaa kama wao, na kwenye tukio la harusi kurusha mchele ukumbini. Mchele mzima, mzuri, chini! Mama yangu angewafuata na ungo. Lakini ukiondoa huo ufujaji, kile walichokuwa wakikifanya Waverly sikukiona kigeni hata kidogo niliposoma habari zake. Kujibizana na skrini, kumwonya stelingi kwamba adui yuko nyuma ya mlango, kumkumbusha mwenzako neno litakalosemwa kabla halijasemwa: hayo tuliyafanya kila Jumamosi mchana, kwenye chumba cha mabati chenye joto la tanuri, mbele ya TV ya chogo na deki iliyokuwa ikisafishwa kichwa kwa pamba na spiriti kila picha ilipoanza chenga.

Basi nikaamua kumpa mpwa wangu mfano ambao asingeweza kuudharau.

Mwaka 1967, katika jimbo la Pennsylvania, vijana waliokuwa wakijipatia riziki kwa kutengeneza matangazo ya biashara mjini Pittsburgh walitaka kutengeneza filamu. Walifanya kitu ambacho mtu yeyote wa vikoba angekielewa: watu kumi wakachanga dola 600 kila mmoja ili kazi ianze, kisha wakaendelea kuzungusha bakuli kwa ndugu na marafiki. Mpaka mwisho ilikula kama dola 114,000, pesa ya kuchekesha kwa filamu ya Kimarekani hata wakati ule. Nyumba waliyorekodia, karibu na mji mdogo wa Evans City, ilikuwa inangojea kubomolewa, kwa hiyo hakuna aliyelalamika wakipigilia mbao madirishani. Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe. Damu ilikuwa sharubati ya chokoleti. Mmoja wa waliochangia alikuwa mfanyabiashara wa nyama, akaleta matumbo, na wale wafu tunaowaona wakila watu walikuwa wakitafuna bidhaa za buchani. Mwongozaji alikuwa George Romero, na filamu ni Night of the Living Dead, iliyotoka Oktoba 1968.

Kuna jambo dogo kumhusu Romero ambalo hunifurahisha. Kabla ya kuwafufua wafu alikuwa akirekodi vipande vifupi kwa ajili ya kipindi cha watoto cha Fred Rogers, kilichotengenezwa Pittsburgh humo humo. Kimoja kilikuwa cha kuwaeleza watoto jinsi mtu anavyofanyiwa upasuaji wa mafindofindo. Alipenda kutania kwamba hiyo ndiyo filamu ya kutisha kuliko zote alizowahi kutengeneza. Kwa hiyo anayedhani vipindi vya watoto na filamu za mizimu ni dunia mbili, ajue mlango kati yake haujawahi kufungwa vizuri.

Filamu ile ina karibu kila kosa ambalo mpwa wangu angelihesabu. Kuna mwanga unaobadilika bila sababu. Kuna waigizaji ambao, ukiwatazama vizuri, ni wale wale waliotoa pesa. Lakini umaskini wake ndio uliowafungia watu saba ndani ya nyumba moja usiku mmoja, kwa kuwa hapakuwa na fedha ya kwenda kwingine. Mtangazaji wa redio na televisheni ndiye anayetuambia nchi nzima imeharibika. Sisi tunaona ua tu na vivuli vinavyosogea polepole. Polepole kiasi kwamba unaweza kuvikimbia, na bado huna pa kukimbilia. Ukitaka kujua kwa nini inatisha, anza na hesabu ya fedha.

Halafu kuna Ben, aliyeigizwa na Duane Jones, Mmarekani mweusi. Hati ya filamu haikusema mhusika awe wa rangi gani. Alipewa nafasi kwa sababu alifanya vizuri kuliko wengine kwenye usaili. Ndiye mwenye akili, ndiye anayepigilia mbao, ndiye anayebaki hai mpaka kunakucha. Asubuhi kundi la raia wenye bunduki na mbwa linapita likiwamaliza wafu. Anasogea dirishani. Wanamdhania mfu, wanampiga risasi ya kichwa. Imekwisha.

Kibandani kwetu sheria ya kwanza ilikuwa moja: stelingi hafi. Anaweza kupigwa, kufungwa, kutupwa mtoni ndani ya gunia, lakini hafi, na filamu iliyovunja sheria hiyo ilimletea mwenye kibanda matatizo ya kurudisha viingilio. Mimi nilimwona Ben akifa nikiwa mtu mzima mwenye kazi na kitambi, na bado niliirudisha nyuma nihakikishe. Romero na wenzake, inasimuliwa, walikuwa njiani kuipeleka filamu New York kutafuta wa kuisambaza waliposikia redioni kwamba Martin Luther King ameuawa. Hawakuwa wamepanga kusema lolote juu ya hilo. Wakati ulikuja wenyewe ukaketi ndani ya filamu yao.

Sasa hapa ndipo panapochekesha. Jina la awali la filamu lilikuwa jingine. Kampuni ya usambazaji ikalibadilisha, ikatengeneza kibao kipya cha jina, na ikasahau kurudishia kile kimstari kinachosema haki zote ni za fulani. Kwa sheria ya Marekani ya wakati huo, kazi iliyotoka bila mstari ule ilikuwa haina mwenyewe. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza ikawa mali ya kila mtu. Kituo chochote cha televisheni kikaionyesha usiku wa manane bila kulipa. Baadaye kila muuza mikanda akaidurufu. Waliochanga wakakosa sehemu kubwa ya haki yao, na huo ni wizi hata kama umefanywa kwa uzembe. Lakini ni kwa kupita mikono mingi namna hiyo ndiyo ikawafikia wale waliokuja kuipenda kama dini. Mwaka 1999 Maktaba ya Bunge la Marekani ikaiingiza kwenye orodha ya filamu za taifa za kuhifadhiwa.

Sisi tunaokumbuka mikanda yetu hatuwezi kujifanya hatulijui jambo hili. Mkanda wa kibandani ulikuwa nakala ya nakala ya nakala. Haukuwa na mwenyewe, au tuseme mwenyewe alikuwa mbali na hakuwa na habari. Kila aliyeugusa aliacha kitu juu yake: mkwaruzo, sekunde kumi za tangazo la sabuni la nchi tusiyoijua, harusi ya mtu iliyochungulia mwishoni kwa kuwa mkanda ulirekodiwa juu ya harusi. Na mwingine akaacha sauti yake.

Kwa watu wa rika langu Dar es Salaam, sauti hiyo ilikuwa ya Lufufu. Jina lake halisi ni Derek Gaspar Mukandala, na kazi yake ilikuwa kuisimulia filamu ya kigeni kwa Kiswahili juu ya maneno ya wenyewe. Sitaki mtu aniambie ile ilikuwa tafsiri. Mfasiri anasema kilichosemwa. Lufufu alisema pia kisichosemwa. Alikueleza nani ni shemeji wa nani, alimsuta adui, alimshauri stelingi, na pale Wazungu waliponyamaza wakitazamana yeye alikuambia kila mmoja anawaza nini. Titanic nilipoiona bila yeye, miaka baadaye, niliona kama chakula kilichopakuliwa bila chumvi. Wakenya watasema hivyo hivyo juu ya DJ Afro, na wana haki. Kuna mabasi ya safari ndefu ambayo sauti ya Afro juu ya filamu ya kung-fu ndiyo iliyowafikisha abiria na akili zao timamu.

Kampala wasimulizi hawa wanaitwa ma-VJ, na kumbi zao nazo huitwa kibanda, neno lile lile. Huko ndiko lilikotokea jambo ambalo kwangu ni la ajabu kuliko mafanikio yote ya Pittsburgh. Katika mtaa wa Wakaliga, Isaac Nabwana, aliyewahi kuishi kwa kufyatua matofali, alianza kutengeneza filamu za mapigano. Utotoni hakuwa akienda kuangalia sinema. Kaka yake ndiye aliyekuwa akienda, akirudi anamsimulia: nani alipiga nani, gari liliruka vipi. Mtoto akazitengeneza kichwani filamu ambazo hajaziona. Alipokua akazitengeneza kweli, kwa kompyuta aliyoiunga mwenyewe kutoka vipuri vilivyotupwa, bunduki zilizochomelewa kutoka vyuma chakavu, na kondomu zilizojazwa damu bandia ili zipasuke kifuani kwa wakati wake. Mwanzoni damu ilikuwa ya ng'ombe hasa, mpaka mwigizaji mmoja alipoambukizwa ugonjwa wa mifugo. Ndipo wakahamia kwenye rangi ya chakula. Who Killed Captain Alex?, ya mwaka 2010, anasema ilimgharimu chini ya dola 200. Helikopta zake zinaruka juu ya Kampala kama nzi kwenye glasi ya maziwa. Mamilioni ya watu duniani wameiona.

Nakala safi ya filamu hiyo haipo. Kompyuta haikuwa na nafasi ya kuhifadhi kazi mbili, na Nabwana aliifuta ili aanze nyingine. Iliyobaki ni ile yenye sauti ya VJ Emmie juu yake, anapiga kelele, anacheka, anawatania waigizaji, anakuahidi mapigano kabla hayajafika. Ukitaka kuiona filamu ile utaiona ndani ya kibanda, hata kama uko Tokyo. Hakuna njia nyingine ya kuingia.

Nilimwonyesha mpwa wangu. Safari hii hakusema "kibovu". Alisema, "Huyu jamaa anajua anachofanya," akairudisha nyuma ile sehemu ya helikopta mara tatu.

Hapa kwetu sisi nasi tulikuwa na watu wetu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kamera zile zile zilizokuwa zikizunguka kwenye harusi na kicheni pati zilipoanza kugeuzwa kuwa za filamu, Mussa Banzi aliona mapema kwamba Mtanzania atalipa kutishwa na vitu anavyovijua. Akatoa Nsyuka, baadaye Shumileta. Kwanza lile jina. Kwa Wanyakyusa abasyuka ni wafu, wale waliotangulia ambao hawajaacha kujihusisha na mambo ya walio hai. Jirani yetu mmoja wa kutoka Tukuyu, mwanamke mwenye heshima zake, alipoliona jina hilo kwenye kava la mkanda alituambia tuligeuze, lisitazame juu. Hajaiona filamu, hajui ndani kuna nini. Jina lilitosha. Sijui kampuni gani ya Hollywood inaweza kununua tangazo kama lile.

Na ndivyo hofu ya kwetu ilivyo rahisi kuiandaa. Mwaka 1995 popobawa alipoisumbua Pemba na kisha Unguja, watu wazima walitoka nje wakalala kwa makundi, wamewasha moto, wanakesha. Hakuna aliyewaonyesha picha yoyote. Mtengenezaji wa filamu za kutisha Afrika Mashariki hahitaji kuanza na sifuri. Anakuta nusu ya kazi imeshafanywa na bibi zetu. Kosa lake huja anapotuonyesha sana. Ndiyo maana yale majini yaliyokuja baadaye, yenye moto wa kompyuta mdomoni na pembe zinazong'aa, hayajawahi kunikosesha usingizi hata robo saa.

Nisieleweke vibaya. Zipo filamu zetu nyingi ambazo sizitetei, na sababu yake si ufukara. Mnaijua ile ya gari. Gari linakuja, linafika getini, honi, mlinzi anatoka, anafungua geti upande mmoja, anafungua upande wa pili, gari linaingia, linapaki, stelingi anashuka, anafunga mlango, anatembea hadi sebuleni, anakaa, ndipo anasema, "Vipi?" Dakika nne zimekwenda. Zimekwenda kwa makusudi, maana hadithi ya saa moja ilitakiwa itoshe sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, kila moja iuzwe peke yake. Huyo hakukosa hela. Alikuona wewe mtazamaji huna kazi. Jini la yeboyebo halikunifanyia hivyo. Aliyelitengeneza alitaka kwa moyo wake wote niogope, akakosa kitu kimoja tu, viatu.

Kwa sababu hiyo hiyo huwa siifurahii ile ibada ya The Room, filamu ya Tommy Wiseau ya mwaka 2003. Ilitumia kama dola milioni sita, kwa hiyo tusiiweke kwenye kapu la maskini. Watu hujazana kuiangalia ili kuicheka, na kila fremu ya picha ya kijiko inapotokea mezani wanarusha vijiko vya plastiki. Nimeiangalia yote. Kicheko kile ni cha mtu aliyesimama juu ya ghorofa anamcheka aliyeteleza kwenye tope. Sisi tulicheka tukiwa kwenye tope lile lile, na giza lilipoingia hatukuwa na ghorofa ya kupanda.

Katuni sasa, maana nazo zina hesabu zao za fedha.

Wengi wetu tuliopenya madirishani kwa jirani mwenye dishi, baada ya kulazimishwa kunawa miguu, tulianza na Tom na Jerry. Haikudai Kiingereza. Paka anamfukuza panya, na hilo hata aliyetoka Kigoma jana analielewa. William Hanna na Joseph Barbera walianza kazi hiyo mwaka 1940 ndani ya MGM, studio yenye fedha, wakapata Oscar saba. Mwaka 1957 MGM ikaifunga idara ya katuni. Wawili wale wakahamia kwenye televisheni, na televisheni ikawaambia: dakika tano, kama dola 3,000. Kule walikotoka walizoea kutumia makumi ya maelfu kwa dakika saba.

Walichofanya baada ya hapo ndicho kilichotulea. Walipunguza michoro. Dubu Yogi akavalishwa kola na tai ili shingo iwe mpaka. Kichwa kinaongea, mwili umesimama kama mchoro wa ukutani, hauhitaji kuchorwa upya. Wahusika wakakimbia mbele ya ukuta unaojirudia: kiti, mlango, taa, kiti, mlango, taa. Scooby-Doo ilipoanza Septemba 1969 ilikuja na ukuta huo huo, safari hii ukiwa wa jumba la mizimu. Na ilikuja na kitu kingine ambacho hakuna mtu mzima aliyetufundisha. Mandhari ya nyuma yalipakwa rangi kwa utulivu, lakini kitu kitakachosogea kilichorwa kwenye karatasi yake ya plastiki, kwa rangi iliyokwajuka kidogo. Kwa hiyo ulijua. Kati ya vitabu arobaini kwenye rafu, ulikijua kitakachovutwa na kufungua mlango wa siri. Tuliwekeana dau la pipi. "Jiwe lile!" na jiwe lile likafunguka. Tulijiona tumewazidi ujanja hata waliochora.

Kasoro ya mchoraji maskini ilitupa kazi ya kufanya. Mtoto wa leo anayeangalia katuni ambayo kila unyoya unapepea hana dau la kuweka.

Zilikuwapo pia zile za Prague. Sikujua kama ni za Prague. Nilijua tu kwamba kuna Tom na Jerry fulani ambao si wenyewe. Mwaka 1961 na 1962 zilitoka 13 ambazo Gene Deitch, Mmarekani aliyehamia huko, alipewa kandarasi ya kuzitengeneza, kwa bajeti ndogo na mafundi wa Kicheki ambao paka yule hawakukua naye. Sauti zinavuma kama zimerekodiwa ndani ya pipa. Tom anatembea kama aliyeugua. Kuna mwenye nyumba mmoja mnene anayekuwa mwekundu kwa hasira na kumpiga Tom kwa ukatili ambao hauchekeshi. Mashabiki wengi wanazichukia. Mimi nilizichukia kwa namna ya mtu anayekichukia kidonda chake, huku siachi kukigusa. Zilikuwa filamu zangu za kwanza za kutisha, na hazikukusudia kuwa hivyo.

Nimezirudia juzi nikiwa mtu mzima. Za Prague bado zinanisumbua. Scooby-Doo, niseme ukweli, ilinichosha kabla ya kipindi cha pili kuisha: kila mara mzimu ni jamaa aliyevaa barakoa anayetaka kiwanja. Kile nilichokuwa nakikumbuka kwa hamu hakikuwa humo; kilikuwa dirishani, pamoja na pipi na wenzangu wanne waliokuwa wakisukumana. Mdogo wake mpwa wangu anaangalia Akili, yule mtoto wa chini ya Mlima Kilimanjaro anayechorwa hapa hapa Dar es Salaam na Ubongo, na sina shaka siku moja atamchosha mtu kwa kumsimulia.

Wiki iliyopita mpwa wangu aliomba mwenyewe tuiangalie ile ya Pittsburgh. Ipo mtandaoni bure, kihalali, kwa sababu ya mstari mmoja uliosahaulika. Alianza kwa kuhesabu makosa. Mbao za madirishani zilipoanza kugongwa kutoka nje, akaacha kuhesabu, akavuta miguu juu ya kochi. Wafu walipofurika ndani na Ben akajifungia chini ya nyumba peke yake, umeme ukakatika.

Tulikaa gizani. Jenereta la jirani halikuwaka. Uani mtu alipita kwa ndala kwenda kufunga bomba, na nilimsikia kijana akishika pumzi.

"Anko," akasema, "wewe si unaijua? Malizia."

Nikakohoa, nikaishusha sauti kama nilivyomsikia Lufufu akiishusha miaka ile. Nikamwambia huko chini mtu wetu amekaa na bunduki mkononi, anawaza kama atamwona mama yake tena, jambo ambalo halimo ndani ya filamu. Nikamwambia saa zinapita moja moja. Kumekucha, ndege wanalia, kwa mbali mbwa wanabweka na watu wanaongea. Watu hasa, wazima. Anasikiliza. Anapanda ngazi, moja, ya pili. Anasogea dirishani.

"Halafu? Si wamekuja kumwokoa?"

Nikawa bado natafuta neno umeme uliporudi.